Wajina Kutoka Ujerumani

Dada yangu alinipigia simu wiki iliyopita nikiwa namenya ndizi mbichi. Kama umewahi kumenya ndizi za mukimo, zile za kupika na kuponda, unajua hiyo si saa ya kushika simu. Utomvu umeshaganda vidoleni na ukigusa kitu unakiharibu. Nikaipokea kwa kiwiko, nikainama mezani kama mtu anayenusa chungu.

"Ni msichana," akasema.

Nilipiga vigelegele peke yangu humo jikoni mpaka jirani akatoa kichwa dirishani kuuliza kama ni mimi niliyepatwa na jambo. Dada akacheka. "Kabla hatujampa jina, nataka uje unisimulie tena lile jambo la jina langu. Lote. Usiruke mahali."

Nikamwahidi nitafika Jumamosi. Lakini ndizi zilikuwa nyingi bado na mikono ilikuwa na kazi, basi kumbukumbu zikaanza kuja bila kuitwa. Sasa nawe uliye karibu utazisikia. Vuta kiti.

Mimi nilikulia nje kidogo ya Kangeta, mahali ambapo asubuhi haikuletwa na jogoo bali na wanaume waliopanda mimiraa kungali giza kuchuma vikonyo vichanga. Saa nne hivi uwanja wa soko ulikuwa umechemka: huyu anafunga vibunda, yule anaapa kwamba miraa yake imechumwa sasa hivi, na pikapu zinapiga honi zikitaka njia kana kwamba zimebeba mgonjwa. Kazi yetu watoto ilikuwa kukata majani ya mgomba ya kufungia. Tuliyafuta umande kwa kitambaa, tukayapanga, tukayabeba kichwani mpaka kwa Baba. Sweta yangu ya shule ilinuka majani hayo hata ikifuliwa mara ngapi, na hadi leo nikipita karibu na mgomba mvua ikitoka kunyesha, narudi darasa la sita papo hapo.

Ng'ambo ya uwanja wetu aliishi Nyanya, mama yake Baba. Huyo alikuwa mtu wa amri. Aliamuru mbuzi, aliamuru wajukuu, na niliwahi kumsikia akiamuru mvua isubiri aanue maharagwe. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, na jambo hilo lilinifaa sana, kwa sababu Mama hakuweza kunifokea kwa jina. Angelitaja, angekuwa anamfokea mama mkwe wake! Kwa hivyo nikikosa aliniita "wewe," na nikikosa sana aliniita "wewe hapo," na mimi nilijua kabisa kwamba sheria iko upande wangu.

Mama alikuwa Muembu, mzaliwa wa Kanja. Kwao majina ya watoto ni foleni. Msichana wa kwanza anachukua jina la mama yake baba, wa pili anachukua la mama yake mama, na hakuna kuruka. Kwetu Meru mambo ni mapana zaidi. Mtoto anaweza kupewa jina la jirani, la rafiki, au la mtu yeyote ambaye mwenendo wake uliwapendeza watu: mlimaji, mcheshi, mkarimu. Baba alikubali foleni ya Kiembu bila ubishi. Alimpenda Mama, na nadhani alimwogopa kidogo mama yake Mama.

Huyo ndiye tuliyemwita Cucu, maana ndivyo nyanya anavyoitwa kwao. Jina lake lenyewe sitalitaja sasa. Ngoja tufike.

Cucu alikuwa mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na aliishi katikati ya chai na kahawa yake kule Kanja. Alipotutembelea kiondo chake kilifika kimejaa nduma, makadamia, na ndizi tamu fupi zilizofungwa katika leso ili zisipondeke. Tulimwona tangu barabarani, tukakimbia, na yeye akatuhesabu vichwa kwa kutupiga makofi mepesi ya utosini. Kabla hajaingia ndani alikuwa ameshatuchekesha.

Na aliimba. Si kanisani tu, huko kila mtu huimba. Cucu alitunga. Kina mama wa kikundi chake walipolimiana mashamba, wakienda kwa huyu leo na kwa yule kesho, yeye ndiye aliyeongoza mstari wa majembe na wimbo wake. "Jembe halina redio," alikuwa akisema. "Redio ni mimi." Aliimba habari za kijiji, akimtania huyu na kumsifu yule, bila kutaja jina la mtu, na bado kila mtu alijua. Mmoja naukumbuka kidogo. Kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

Kahawa ilikwenda sokoni kwa magunia,
mwenyewe akarudi amevaa kofia.

Inasemekana mwenye kofia aliacha kuivaa. Wimbo nao ukaacha kuimbwa, kwa sababu nyimbo za Cucu ziliishi muda wa palizi moja. Msimu mwingine ulikuja na vituko vyake, naye akatunga upya.

Sasa sikiliza. Mama alikuwa mtoto wake wa pekee. Hakukuwa na mtoto wa kiume ambaye angemzalia mjukuu wa kuitwa jina lake. Jina la Cucu lilikuwa na njia moja tu ya kuendelea kuishi, nayo ni msichana wa pili wa Mama. Na Mama baada yangu alizaa mvulana, akazaa mvulana, akazaa mvulana. Kila mara Cucu alifunga safari kutoka Kanja na kiondo chake, akafunua blanketi kidogo, akachungulia, akacheka. "Karibu, mzee," akamwambia mtoto. Akapiga vigelegele vya mvulana, vile vingi, akatusongea ugali, akarudi kwao kungoja. Hakulalamika hata siku moja, lakini kwao mtu ambaye jina lake halikuchukuliwa ni mtu aliyekatika, na sisi sote tulijua anangoja nini.

Mwaka ule nilipokuwa darasa la sita Mama alikuwa mjamzito tena, na shuleni kwetu kulikuwa na pilikapilika za tamasha. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mrefu, mwembamba, mwenye tai moja ya maisha yake yote, alikuwa amechoka na mashairi ya kukariri kwa pamoja ambayo kila shule ilileta. "Mazingira, choo na dawa za kulevya," alisema. "Majaji wanalala. Mwaka huu tutawaamsha." Katika sanduku la vitabu vilivyotolewa msaada alikuwa amepata kimoja kisicho na jalada, na ndani yake habari za mwanamke wa Ujerumani ya zamani sana, zama za wafalme na mishumaa. Akatusimulia. Darasa zima lilidhani Ujerumani iko mbele kidogo ya Isiolo.

Mwanamke huyo, alisema Mwalimu, alifundishwa na baba yake mwenyewe nyumbani, wakati wasichana wenzake hawakufundishwa ila kusokota na kupika. Akajua Kilatini, akajua hesabu, akatunga mashairi akiwa bado msichana. Mama yake alipokufa akaendesha nyumba, akawa anatunga huku sufuria inachemka. Vita vikaja, askari wakachoma nyumba yao ya shambani waliyoipenda. Akaitungia shairi. Watu wakasema hili si shairi la msichana, lazima kuna mwanaume aliyemwandikia. Akawajibu kwa shairi lingine. Alikufa angali kijana, na rafiki zake wakayakusanya mashairi yake yasipotee. Jina lake hatukuweza kulitamka. Ulimi ulikwama katikati ya herufi kama mbuzi kwenye ua. Mwalimu akaamua tumwite Msomi, basi.

Mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa Msomi. Sijui kama ni kwa sauti yangu au kwa sababu mama yangu alikuwa na cherehani. Picha ya kitabuni ilionyesha kola nyeupe pana, yenye mikunjo mingi, imezunguka shingo kama sahani. Mama, tumbo limeshamfikia mezani, akakusanya pakiti tupu za unga, akazigeuza upande mweupe nje, akazikunja na kuzishona. Nilitembea nayo nyumbani jioni nzima kujizoeza. Nilipokula githeri, mahindi yalidondokea kwenye mikunjo na kaka zangu wakayadonoa kutoka humo. Watoto wa darasa la tano walikuwa moto: walisimama nyuma yetu na majani makavu ya mgomba, wakiyatikisa polepole kisha kwa nguvu, na ukifumba macho ungeapa nyumba inaungua.

Mtoto alizaliwa katikati ya mazoezi hayo, kwenye hospitali ya misheni. Baba alirudi akikimbia, mtu mzima, ameshika kofia mkononi, akatangaza tangu langoni: msichana! Nyanya akaacha kuamuru kwa muda mfupi. Ujumbe ukapelekwa kwa simu ya mwenye duka mmoja wa Manyatta, aliyempelekea Cucu kule Kanja, na Cucu akaja. Safari hii kiondo hakikutosha. Alikuwa na kuku mkononi, leso mpya begani, na wimbo mpya kichwani, wimbo wa kumkaribisha mtoto mwenye jina lake. Nilimsikia akiujaribu kwa sauti ya chini akiosha miguu. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ya namna ile. Aliosha miguu ileile mara mbili.

Siku iliyofuata, alasiri, yeye na Nyanya walikaa uwanjani wakichambua njahi, maharagwe meusi ya kumlisha mzazi. Nyanya akisema Kimeru, Cucu akisema Kiembu, wakielewana vizuri kabisa isipokuwa pale walipoamua kutoelewana. Mimi nilikuwa kando nimevaa kola, nikiisomea miti shairi letu, na Nyanya akalazimisha nieleze habari yote kwa lugha ya nyumbani. Nikaeleza. Kisha nikaghani:

Baba hakumnyima, alimpa kalamu,
Kilatini, hesabu, akajaza fahamu.

Mikono ya Cucu ikasimama juu ya ungo.

"Nani alimfunza?"

"Baba yake, Cucu."

"Baba yake mwenyewe? Hakuwa na kijana wa kiume?"

"Walikuwepo. Wote walifunzwa."

Akachambua kidogo. "Rudia hapo kwa baba."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nikarudia mpaka Nyanya akasema njahi zitaota mizizi kwenye ungo. Ndipo Cucu akacheka na kutuambia jambo ambalo hata Mama hakuwa amelisikia. Kwao shule ilikuwa ya kaka yake. Kaka hakuitaka. Kila asubuhi alijificha kwenye kahawa, na Cucu ndiye aliyetumwa kumsaka, kumkamata na kumfukuza mbele yake mpaka kwenye lango la shule. Akiisha kuingia, Cucu aligeuka akarudi na mbuzi. "Hilo lango nililijua kushinda mwalimu mkuu," alisema. "Upande wa nje." Alisimulia akicheka, na Nyanya akacheka, nami nikacheka. Usiku ule sikumsikia akiujaribu wimbo wake.

Siku ya jina, kina mama walijaa nyumbani. Chumba kilinuka maziwa, moshi na njahi. Mama alikuwa ameketi kitandani na mtoto, na Nyanya, maana nani mwingine angeongoza, akauliza kwa sauti ya shughuli: "Huyu aliyetujia ni nani?" Mama akafungua mdomo kumtaja mama yake. Cucu akainuka.

"Ngojeni," akasema. "Zamu ni ya nani?"

"Yako," wakajibu wote.

"Basi ni yangu kuitumia. Jina langu mimi lina jembe ndani yake. Nimelilima, na halina ubaya. Lakini huyu mtoto apewe jina la yule msichana wa Ujerumani aliyefunzwa na babake."

Mama akaanza kulia. "Mami, na wewe utachukuliwa na nani? Jina lako litapotea."

"Likipotea ni mimi nimelipoteza. Sijanyang'anywa," akasema Cucu. "Na nyimbo zangu je? Nimetunga tangu nikiwa msichana, na ziko wapi? Nataka kwa hii nyumba kuwe na mtu wa kusoma, mtu wa kuandika. Nikimpa jina langu atanifuata kwa shamba. Nikimpa la huyo mwingine, labda ataingia hilo lango."

Nilimtazama uso. Macho yake yalikuwa makavu na yameamua. Nilikuwa mtoto, na bado nilielewa kwamba amesimama mbele yetu akitoa kitu chake cha mwisho.

Nyanya akasema kwetu Meru hilo linakubalika kabisa, na kwamba jina halihitaji Kijerumani, lipo: Kathomi, yule msomaji. Kina mama wakalionja mdomoni. Kathomi. Mama akamfunika mtoto uso kwa machozi yake. Tukadhani yamekwisha.

Wapi! Nyanya akainua mkono. Jina likishatolewa, alisema, lazima wajina, yule ambaye jina lake limechukuliwa, aje amwone mtoto na ale. Hapewi mtu jina la mtu kwa siri.

"Lakini alikufa, Nyanya," nikasema. "Zamani sana."

"Ana watu wake. Hakuna mtu asiye na watu."

Akajifunga leso, akanishika mkono mimi na kola yangu, tukaenda misheni. Pale hospitalini kulikuwa na mtawa mmoja wa Kijerumani, mzee kiasi, aliyesimamia maabara na ambaye jioni alipalilia kabichi zake akiwa na buti za mpira. Tulimkuta kwenye kabichi.

"Sista, jioni njema," Nyanya akaanza kwa Kiswahili chake. "Mtu yenu amepewa mtoto kwetu. Jumapili wewe kuja kukula."

"Mtu wetu gani, mama?"

Nikasukumwa mbele. Nilighani pale katikati ya kabichi, kutoka mwanzo hadi mwisho, hata pale Msomi anapowajibu wanaomsingizia:

Mwasema sikuandika? Leteni karatasi,
kaeni mkitazama, niandike upesi.

Mtawa alisikiliza ameegemea jembe. Nilipomaliza akasema, "Sijawahi kumsikia huyu."

Nyanya akashtuka kwelikweli. "Humjui mtu yenu?"

"Nchi ni kubwa, mama."

"Hata Igembe yetu hii ni kubwa," Nyanya akamjibu, "na mimi najua watu wote." Kisha akamhurumia. "Sio shida. Utamjua kwetu. Kuja Jumapili."

Akaja! Alivaa gauni jeupe lililopigwa pasi, akaleta soksi ndogo za manjano alizofuma mwenyewe, na mkate mweusi mzito wa kwao ambao Nyanya aliusifu sana mbele yake na jioni akawapa kuku. Aliketi mahali pa wajina, kiti cha Baba, akala mukimo sahani mbili, akanywa uji mchachu bila kukunja uso. Akawekewa mtoto mapajani. Akaulizwa rasmi kama watu wake wanakubali. Mtawa akatutazama sote, akaona kwamba hatufanyi mzaha, akaketi wima. "Tunakubali," akasema. "Na tunashukuru kwamba mmemkumbuka. Mimi imebidi nije Kangeta ndio nimjue."

Hapo Cucu akaimba. Ulikuwa wimbo uleule aliokuja nao kutoka Kanja, niliutambua sauti, ila kila palipokuwa na jina lake alitia Kathomi, na Kathomi halikuingia vizuri, mwisho wake haukupatana na vina, ikambidi alikokote na kulizungusha kidogo mwishoni. Kina mama wakaitikia, wakacheza, vumbi likapanda. Mtawa alipiga makofi nje kabisa ya mdundo akicheka huku anafuta machozi. Kaka zangu walikuwa wakiivaa ile kola kwa zamu. Sijui kama nimewahi kuwa na siku bora kuliko hiyo.

Utaniuliza tamasha liliishaje. Vibaya, na vizuri. Mvua ilitupata kabla hatujafika jukwaani mjini Meru, kola ikalowa na kulala mabegani mwangu, na upande wa ndani ukageuka nje, majaji wakasoma aina ya unga tunaokula. Cucu alikuwa amekataa kurudi Kanja kabla ya kuona. Tulipofika pale baba anapompa binti kalamu, vigelegele vikapasua ukumbi kutoka kiti cha nyuma, virefu, vya mtu mmoja. Jaji akagonga kengele. Cucu hakunyamaza. Jaji akagonga tena. Tulikatwa maksi kwa kelele za mashabiki, hatukushinda chochote, na Mwalimu alikuja akampa Cucu mkono kwa heshima zote. "Angalau hakuna aliyelala," akasema.

Kathomi aliingia lango. Aliingia hilo na mengine mengi, na leo anafundisha fasihi karibu na Manyatta, ameolewa hukohuko. Likizo zote za utoto wake alikwenda Kanja, akakaa na Cucu kwenye chai, akajaribu kuandika nyimbo zake. Haikuwa rahisi. Cucu hakuimba wimbo mmoja namna moja mara mbili. Mtoto alimwomba arudie, yeye akarudia na maneno mengine mazuri zaidi, halafu akacheka mtoto akifuta. Zilizoshikwa ni chache. Nyingine zimekwenda naye.

Na watu wale wamekwenda. Nyanya alikufa akituamuru tusilie. Mtawa alirudi kwao, na kabichi zake sasa ni mahali pa kuegesha magari. Mwalimu amestaafu, tai sijui. Miraa bado inachumwa kungali giza, lakini hakuna tena mtu wa kutokea barabarani na kiondo, akatuhesabu kwa makofi ya utosini. Ninaikosa mikono ile. Sisemi kwa huzuni sana, kwa maana nilipata sehemu yangu na ikanitosha, ila naikosa.

Jumamosi nilifika kwa Kathomi na mukimo wangu ndani ya hotpoti. Mama alikuwa ametangulia, ameketi sebuleni na kichanga. Huyu ni msichana wa pili wa Kathomi. Wa kwanza alichukua jina la mama mkwe, ndiyo foleni. Mimi nimejaliwa wavulana watupu, na kaka zangu pia hawajapata msichana. Kwa hiyo hii ilikuwa zamu ya Mama, zamu pekee aliyo nayo, na sote tulijua, na alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Nikasimulia yote kama nilivyokusimulia wewe. Mama alisikiliza akiangalia chini. Nilipofika pale alipolia akisema jina litapotea, akatikisa kichwa polepole. Nilipomaliza, Kathomi akapiga magoti mbele yake, akauliza kama alivyouliza Nyanya siku ile.

"Mami, huyu aliyetujia ni nani?"

"Zamu ni ya nani?" Mama akauliza.

"Yako."

"Basi ni yangu kuitumia."

Akainama, akaweka mdomo kwenye sikio dogo lile, na akalisema jina ambalo nyumba yetu haikuwa na mtoto wa kuitwa kwalo miaka yote hiyo. Wawira. Mtu wa kazi. Akalisema tena kwa sauti, tusikie sote: "Wawira." Kathomi akaanza kuimba wimbo uleule wa kukaribisha, akilia, na jina likaingia mahali pake bila kukokotwa, kwa sababu hapo ndipo lilipotungiwa.

Mimi nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyegonga kengele.